Mpishe Mdogo Wako

Marehemu mume wangu alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu wa idara yao bandarini Mtwara, na mimi, niliyejifunza kusoma saa nikiwa tayari mama wa watoto wawili, ndiye niliyempangia mwendo. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaosimulia hadi leo kwamba alifundishwa na wanaume.

Mbio zenyewe zilianzia uwanja wa mjini hadi Mikindani na kurudi. Siku hizi wangeziita nusu marathoni. Sisi tulisema tu mbio za Mikindani. Zilikimbiwa sikukuu za taifa, asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Kufika Mikindani hakukuwa na sifa yoyote. Kazi ilikuwa kurudi.

Karani mmoja wa bandari, mtu wa Kilimanjaro aliyewahi kukimbia jeshini, alikuja nyumbani kwetu Mtawanya kutoa ushauri.

"Bwana, nusu ya kwanza kimbia kama unakwenda kumsalimia mama mkwe," alisema. "Nusu ya pili kimbia kama umefumaniwa."

"Wewe umefumaniwa mara ngapi?" mume wangu alimuuliza.

"Sasa unadhani kwa nini nilihamishiwa huku?"

Tulicheka, lakini ushauri ule haukuwa na kipimo. Mtu asiye na saa mkononi atajuaje kwamba anajimaliza? Mwaka 1973, katika darasa la kisomo cha watu wazima, nilikuwa nimejifunza kugawanya, nikaona kwamba hata pumzi za mtu zina mgawanyo wake. Kipimo nilichompa kilikuwa salamu, kwa kuwa njia ile haikosi watu. Nilimwambia: ukimwamkia mtu mzima "Shikamoo" na ukaisikia "Marahaba" yake kabla hujavuta pumzi nyingine, mwendo ni sahihi. Ukipata nafasi ya kuulizia na habari za nyumbani, umelala, ongeza. Ukishindwa kuimaliza "Shikamoo" yenyewe, unajiunguza, punguza. Ukishageuka Mikindani salamu zikome, uongeze kidogo kidogo, na nguvu za mwisho uzitunze mpaka uifikie njia panda ya Mangamba.

Wazee walimsifu kwa adabu. Hata hivyo tarehe 9 Desemba 1973 alianguka njiani, na tarehe 1 Mei 1974 alianguka tena, safari hii akitokwa damu puani. Mara zote mbili ilikuwa mahali pamoja, kwenye minazi, muda mfupi baada ya kugeuka Mikindani. Mwenzake mmoja aliyekuwa karibu alinieleza alichokiona: mume wangu alitazama nyuma, ambako hapakuwa na mtu, kisha akachomoka kama anayefukuzwa.

"Mama, moyo wa mtu una kiasi chake," daktari wa zahanati aliniambia. "Akirudia hivi, utamzika."

Nilimsihi aache. Hakukubali. Alikwisha kujiandikisha kwa mbio za Saba Saba.

Jioni moja ya Juni, akiwa kibarazani anashona raba zake, niliketi karibu naye.

"Baba Watoto, nani yuko nyuma yako kule kwenye minazi?"

Alivuta uzi mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Mdogo wangu."

Mdogo wake huyo, shemeji yangu, alikuwa amefariki Oktoba 1972 huko Mahurunga, karibu na mto Ruvuma, wakati vita vya ng'ambo ya mto vilipokuwa vikifukia mabomu hata katika ardhi yetu. Niliijua habari ya kifo chake. Jinsi kilivyotokea sikuwahi kuisikia kutoka kinywani mwa mume wangu mpaka jioni ile.

"Tulikuwa tunatoka shambani kwa mama," alisema. "Mimi mbele, yeye nyuma. Akaniambia, 'Kaka, punguza mwendo.' Akarudia. Nikamjibu ajikaze, mwanamume gani anayelia njiani. Basi akaona apite njia ya mkato apate kunifikia. Akaiacha njia, akaingia kwenye nyasi."

Akarudia kushona. Habari ya bomu lililokuwa limefukiwa humo nilikuwa nayo.

"Sasa akija anasema nini?"

"Hasemi. Nasikia miguu tu. Nikiongeza, anaongeza."

"Anakushinda?"

"Angetaka angekwisha kunipita. Yule alikuwa na mbio kuliko mimi."

Nililifikiria jambo hilo kama nilivyofundishwa kufikiria hesabu, nikitafuta kilichokosekana. Katika ukoo wao, mdogo hampiti kaka yake njiani. Hata akiwa na mzigo kichwani husema, "Kaka, naomba njia," kisha husubiri mpaka apishwe. Asipopishwa, hubaki nyuma.

"Hakufukuzi," nilimwambia. "Anasubiri ruhusa. Mpishe mdogo wako apite."

"Na akishapita?"

"Umfuate, kwa mwendo wake yeye. Si ndicho alichokuomba?"

Alikata uzi kwa meno. "Huko kisomo," alisema, "wanawafundisha mengi."

Jumapili, tarehe 7 Julai 1974, nilisimama karibu na utepe wa kumalizia. Yaliyotokea njiani nilielezwa baadaye. Mikindani aligeuka akiwa wa nane au wa tisa, salamu zake zote zimetimia. Kwenye minazi alisogea pembeni kabisa, akaacha barabara wazi, na waliokuwa karibu walimsikia akisema, "Pita, mdogo wangu." Tangu hapo alikimbia kwa mwendo usio wake, hatua fupi, nyepesi, za kijana. Aliwapita wenzake mmoja mmoja. Alipofika Mangamba alikuwa peke yake.

Aliingia uwanjani wa kwanza, na watu wakasimama. Mimi nilitazama uso wake. Macho yalikuwa yametulia hatua chache mbele, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayemfuata mwenzake kwenye njia nyembamba. Akaukata utepe. Hakusimama. Watu walicheka, wakidhani ni furaha.

"Bwana, zimekwisha," karani alimwita. "Unakwenda wapi?"

Akatokea lango la pili na kuishika barabara ya vumbi inayokwenda kusini, kuelekea Mahurunga.

Nilikaza kanga yangu nikamfuata. Mwendo wake haukuwa mkali, lakini haukupungua, na ndilo lililonitisha. Nilijua moyo wake una kiasi gani. Nilimwita. Hakugeuka. Nilimwita tena, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba nasema na asiyehusika. Mwenye mwendo alikuwa mwingine.

Kati yangu na shemeji yangu palikuwa na utani tangu siku niliyoolewa. Alizoea kusema kwamba kaka yake akitangulia atanirithi, nami nilimjibu kwamba hawezi kurithi hata chungu. Shemeji haombwi kwa unyenyekevu. Husemwa.

"Shemeji," nilisema kwa sauti, katikati ya barabara, mbele ya watu waliokuwa wakinifuata, "mvivu wewe, haraka hii umeitoa wapi? Umepishwa, umepita, sasa basi. Mume ni wangu. Huko unakokwenda, nenda peke yako."

Mume wangu alisimama.

Nilipomfikia, alikuwa ameinama akihema. Aliomba maji. Nilimfuta jasho kwa pembe ya kanga, nikaweka kiganja kifuani pake na kukiacha hapo mpaka mapigo yalipoanza kushuka. Nyuma yetu watu walikuja wakiimba, wakitaka kumbeba.

Hapakuwa na upepo. Mbele yetu, juu ya barabara tupu, vumbi liliendelea kuinuka kidogo kidogo, kwa mwendo uleule, likielekea kwenye mikorosho. Sikumwonyesha. Nilimshika mkono, nikamgeuza atazame mjini.