Dohani ya Nne

Nilifika kwenye nyumba ile kwa sababu ya mapazia. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kushona karibu na Adams Arcade, na kazi yangu kubwa ilikuwa majoho ya wanakwaya, maana hakuna kwaya Nairobi inayokubali kuimba Krismasi na majoho ya mwaka jana. Siku moja mama mmoja mzee aliingia na pazia kuukuu, zito kama blanketi, akaniuliza kama naweza kumshonea mengine ya urefu huo. Nikamwambia naweza, ila lazima nipime dirisha lenyewe. Akacheka. Alisema fundi wa mwisho aliyesema hivyo alipima nusu akaenda zake.

Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, na kila mtu alimwita Mwalimu. Jumamosi iliyofuata nilienda kwake Lavington. Soja aliponifungulia geti nilisimama kwenye changarawe nikidhani nimeelekezwa kanisani. Kuta za chini zilikuwa za mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono. Za juu zilikuwa za lipu nyeupe iliyokatizwa na mbao nyeusi, nyingine zimesimama, nyingine zimelala, nyingine zimekwenda mshazari. Paa la vigae vyekundu lilikuwa na mwinuko mkali, paa la nchi ambako theluji lazima imwagike. Madirisha yalikuwa ya vioo vidogo vyenye umbo la kashata, vimeshikanishwa kwa vipande vya madini ya risasi. Na juu ya yote hayo zilisimama dohani za matofali, ndefu, zimesokotwa kama kamba.

Nilipima siku nzima, na Mwalimu alikaa kwenye kiti chini ya ngazi akinihadithia. Habari za nyumba alizipata kwa mpishi mzee ambaye yeye na mumewe walimkuta pale walipoinunua, miaka michache baada ya Uhuru. Aliyeijenga alikuwa Mwingereza, mkulima wa kahawa. Majirani zake walimdhania mtoto wa mabwana wakubwa kwao, naye aliwaacha wadhani hivyo. Kumbe baba yake alikuwa mtunza farasi katika nyumba ya aina hiyo, na yeye mwenyewe alikulia uani. Kahawa ilipomtajirisha akaamua kujenga nyumba ya bwana, bila mchoro, kwa kukumbuka tu. Waashi walikuwa Wahindi, maseremala walitoka Ukambani, na yeye alisimama katikati yao akielekeza kwa fimbo.

"Mbele ya nyumba alipajua vizuri," Mwalimu alisema. "Alipaangalia utoto wake wote. Ukumbi aliuona mara chache akitumwa. Juu hakuwahi kupanda hata siku moja."

Ndiyo maana juu palikuwa mchezo wa kuigiza. Hakukuwa na ujia. Ili ufike chumba kimoja ilibidi upite katika kingine, na palikuwa na mlango mzuri wa mbao za mwerezi ambao ukiufungua unakutana na ukuta. Madirisha makubwa aliyaelekeza kusini kwa sababu huko kwao jua hukaa kusini. Hapa kwetu, baridi ya Julai ikianza kuuma, jua hupita kaskazini, na ukumbi ule mkubwa wenye mihimili myeusi ulibaki na giza na ubaridi kama kisima. Meko ya ukumbini ilikuwa pana kiasi cha mtu kusimama ndani yake. Mwalimu na mumewe waliiwasha mara moja tu, Krismasi yao ya kwanza, na wageni wakamalizia sherehe bustanini huku wakifuta macho. Tangu siku hiyo alikuwa akiweka maua mle ndani.

Nilipomwambia kwamba mwenye ploti yetu kule Riruta anabomoa vyumba ajenge ghorofa, na kwamba natafuta pa kuhamia, alinitazama kidogo, kisha akanipeleka nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa tayari na wapangaji wawili, muuguzi na karani wa benki, wote wanawake wa kazi. Kilichobaki kilikuwa chumba kidogo chenye kuta nene, safu ya vigingi vikubwa vya mbao ukutani, na upande mmoja mbao zilizopigiliwa kutoka sakafuni hadi darini. Nilikipenda hapo hapo. Nilihamia na cherehani yangu mwezi ule ule.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Ukuta wangu ulikuwa ukinguruma. Si kwa nguvu. Ilikuwa sauti ya chini, kama ya jokofu katika chumba cha pili, na mchana jua likiwa kali ilizidi. Zile mbao zilikuwa na uvuguvugu, tena zilinukia mishumaa ya kanisani. Muuguzi alisema ni mabomba ya maji. Mwalimu alisema nyumba imezeeka, na mzee hukoroma. Mimi nilisogeza kitanda karibu kwa ajili ya joto, nikazoea.

Kisha Baba akaja mjini kupimwa macho. Baba yangu naye ni mwalimu mstaafu, wa shule ya msingi, anaishi Kitui, na tangu Mama alipofariki amejipa kazi ya kufuga nyuki. Alikuwa amefikia kwa dada yangu Riruta. Jumapili baada ya ibada nilimleta Lavington aone ninapoishi. Alivaa suti yake ya kahawia. Mwalimu alimkaribisha kwa chai na ndizi za kupika, wakasalimiana kwa heshima nyingi, kila mmoja akimuuliza mwenzake alistaafu mwaka gani. Baada ya chai Baba aliomba aone nyumba. Aliizunguka mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule, akainama kutazama mawe yalivyounganishwa, akauliza maseremala walitoka sehemu gani ya Ukambani. Mwalimu alisikitika kwamba hilo mpishi hakuwahi kumwambia.

Alipoingia chumbani kwangu alivua kofia, akasikiliza, akaweka sikio kwenye mbao. Tabasamu lililomjia usoni nilikuwa sijaliona kwa miaka kadhaa.

"Mwanangu," alisema, "unalala na majirani wengi sana."

Akatupeleka nje, akanyoosha kidole juu. Kwenye dohani ya mwisho, ile ya upande wa jikoni, nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kama waumini kati ya ibada ya kwanza na ya pili. Mwalimu alikiri kwamba tangu ahamie aliamini dohani hiyo ni ya urembo tu, kwa kuwa ndani kulikuwa na meko tatu na nje dohani nne. Baba alimwambia dohani haijengwi na nyuki. Kama ipo, basi chini yake kuna meko, na hiyo meko iko nyuma ya mbao za chumba cha binti yake.

Soja, ambaye alikuwa amesimama mbali kuliko sisi sote, alishauri. "Mwalimu, kuna dawa ya kupuliza. Hao wote wanaisha leo leo."

"Hao ni wapangaji," Mwalimu akamjibu. "Wapangaji wangu siwapulizii dawa."

Nadhani ni neno hilo lililomfanya Baba ajitolee. Alirudi Kitui, na baada ya muda mfupi akaja tena na mzinga wa gogo umefungwa kwa gunia, ambao utingo wa basi alikuwa amekataa kuugusa ingawa ulikuwa mtupu. Vazi lake la kazi alikuwa amelisahau nyumbani, kwa hiyo nikamshonea jingine kwa kitambaa cheupe cha majoho na mabaki ya wavu wa pazia. Alipotoka chumbani amelivaa, na wavu umemwangukia kifuani, Mwalimu alikaa kwenye ngazi kwa kicheko. Alisema kijijini kwao bibi harusi wa namna hiyo angelipiwa ng'ombe wengi.

Tuliwaarifu majirani wafunge madirisha. Jua lilipoanza kupungua makali, Baba alizibandua mbao, moja moja, bila haraka. Mimi nilikuwa nyuma yake na wavu wangu, nimeshika kopo la samadi kavu inayofuka moshi. Ubao wa tatu ulipotoka nilisahau kuogopa. Masega yalining'inia mle ndani safu kwa safu, marefu kuliko kimo cha Baba, ya zamani yamekuwa meusi na mapya meupe kama karatasi. Baba alinong'ona na nyuki kwa Kikamba muda wote, kwa sauti ile ile aliyotumia kututuliza tulipokuwa na homa. Alikata masega yenye watoto akayafunga ndani ya mzinga, akamtafuta malkia, na alipompata alinionyesha kabla ya kumtia ndani. Mzinga tuliuweka kwenye jakaranda nyuma ya bustani, na kabla giza halijaingia kundi zima lilikuwa likiufuata, kama wingu lililojua linakokwenda. Nilidungwa sikioni mara moja. Soja alikuwa amejifungia kibandani kwake, na alichungulia tu aliposikia tunaita vyombo.

Vyombo havikutosha. Tulijaza ndoo, sufuria, bakuli la maandazi, na mtungi wa fedha ambao Mwalimu alizawadiwa na shule yake siku ya kustaafu. Muuguzi na karani waliporudi kutoka kazini walikuta ngazi inanata hadi juu.

Siku iliyofuata tulisafisha. Ilitokea meko ndogo ya mawe matupu, isiyo na nakshi wala rafu, yenye kulabu ya chuma ya kutundikia birika. Baba alipanda juu ya paa na rundo la matawi akaisugua dohani kutoka juu hadi masizi yakaisha. Julai ilikuwa imeingia, na manyunyu yale ya Nairobi yasiyo mvua wala ukungu yalikuwa yameshika siku nzima. Akapanga kuni. Mwalimu, aliyekuwa bado akikumbuka Krismasi yake, alifungua madirisha yote na kutuagiza tusimame karibu na mlango.

Baba aliwasha. Moshi uliinama kidogo kuelekea kwetu, Mwalimu akashika leso yake, kisha ule moshi ukageuka na kupanda moja kwa moja kana kwamba umeitwa. Hakuna hata uzi wake uliobaki chumbani. Tulitazama kuni zikishika, na joto likaanza kutufikia miguuni.

Mwalimu alikuwa akitazama vigingi vya ukutani. Alivigusa kimoja baada ya kingine.

"Hivi ni vya hatamu na matandiko ya farasi," alisema polepole. "Hiki ndicho chumba cha baba yake, yule mtunza farasi. Kule kwingine alikisia tu. Hapa alikumbuka."

Tulifikiria mtoto wa uani, ameketi na babake mbele ya moto kama huo katika nchi ya baridi, halafu mtu mzima amesimama Lavington akiwaambia waashi jiwe hili liwekwe hapa, na lile pale. Baba alisema alimwonea huruma, kwa kuwa bila shaka bwana mkubwa hakuweza kuonekana na wageni wake ameketi kwenye chumba cha farasi. Muuguzi akasema basi sisi tuketi kwa niaba yake. Tukaleta viti. Havikuenea, tukaleta mito. Soja aliitwa kutoka getini, akaja na jirani yake wa geti la pili, na kila mtu akapewa asali kwenye kipande cha ndizi ya moto. Katika nyumba yenye ukumbi wa kutosha kucheza mpira tulibanana wote katika chumba ambacho cherehani yangu pekee ilikuwa imekijaza. Mwalimu alianzisha wimbo wa kuabudu kwa Kiluhya, Baba akaujua kwa Kikamba, na wakauimba hivyo hivyo, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Karani wa benki, ambaye tulikuwa hatujawahi kumsikia akipaza sauti, akaingia na sauti ya tatu nzito kama ya mwanamume. Nilicheka hadi machozi.

Kuanzia hapo hatukuweza tena kukiita chumba kile changu. Kila jioni ya baridi nilikuta watu ndani. Mwishowe Mwalimu alitangaza kwamba hicho sasa ni sebule, akanihamishia juu, katika chumba alicholala yule Mwingereza mwenyewe, chenye dirisha lililochomoza nje kama tumbo la mjamzito. Kukifikia lazima upite kwa muuguzi, naye hufanya zamu za usiku na kulala mchana, kwa hiyo nimejifunza kutembea kama paka.

Baba sasa huja kila msimu wa asali, na misimu yake imeongezeka kwa namna ambayo wafugaji wengine wa Kitui wangeishangaa. Yeye na Mwalimu hukaa mbele ya moto wakibishana jinsi ya kumfundisha mtoto kugawanya kwa njia ndefu. Hawajawahi kukubaliana. Hivi majuzi dada yangu alimuuliza kwa heshima, pale kwake Riruta, safari hizi zote za Lavington ni za nini. Baba alijibu kwamba anakwenda kuangalia nyuki. Aliyasema hayo huku akivipaka viatu vyake rangi kwa mara ya pili asubuhi hiyo, na nyuki, nijuavyo mimi, hawatazami viatu.