Kichwa kwa Jino

Mimi huuza toys za mitumba hapa Nakuru. Kila robota ninalofungua nalihesabu mara mbili. Hesabu naijua vizuri, lakini hata yule aliyelifunga anaijua. Ni kwenye marobota hayo nilikoanza kupata vichwa.

Kama hujawahi kukiona, kichwa ni kijiti cha plastiki chenye urefu wa kidole, ndani kimetengenezewa nafasi ya kupanga switi kama matofali, na juu yake amekaa mnyama. Ukimsukuma mnyama kisogo, koo linafunguka na switi inajitokeza hapo kooni, kama mtu aliyekabwa na ugali. Switi zenyewe huwa zimekwisha kuliwa huko zilikotoka. Zamani nilikuwa nikiviuza kwa mama mwenye mtoto anayelia. Mtoto ananyamaza, anang'oa kichwa kabla hawajatoka sokoni, halafu mama anarudi kunidai kana kwamba ni mimi niliyeking'oa. Nikaacha. Nikavipanga kwenye rafu ya juu, nikangoja mtu mzima atakayevitaka kuliko mtoto.

Mtu mzima akaja, na alikuwa daktari wa meno. Kliniki yake iko ghorofani, ng'ambo ya barabara, na alikuwa akitafuta kitu cha kupamba chumba cha kungojea ili watoto waache kupiga nduru.

"Daktari wa meno unanunua vitu vya switi?" nikamuuliza.

"Sasa mathe, wateja nitatoa wapi?" akajibu, na hakucheka. Nikajua huyu tutaelewana.

Alitaka vyote. Mimi sikutaka pesa yake. Mama yangu, anayekaa Kabazi, alikuwa amepoteza meno saba ya juu, yote ya mbele, na pamoja nayo alikuwa amepoteza watu. Harusi alikuwa haendi. Kanisani, alikokuwa anaanzisha nyimbo, alikuwa ameanza kuketi nyuma kabisa na leso mdomoni, ati ana mafua. Mafua ya miaka miwili. Majirani wakija anawasalimia kwa kichwa, kama balozi. Mtu ambaye nilimjua kwa kicheko kilichosikika hadi kwa jirani alikuwa amegeuka mtu wa kuitikia "mm".

"Kichwa kimoja, jino moja," nikamwambia daktari.

"Mama, jino si kitunguu."

"Na hivi si vitunguu pia. Zunguka Nakuru yote, ukipata mwingine anayeviuza, uje unichukulie hata kiti."

Alizunguka. Najua alizunguka kwa sababu alirudi kesho yake viatu vikiwa na vumbi la upande wa Gioto, kule jalalani. Akakubali kichwa kwa jino. Kisha akavishusha vichwa vyangu kutoka kwenye rafu, akavipanga mezani, na yeye pia, huyo mtu, akahesabu mara mbili.

"Ziko sita."

"Najua ziko sita."

"Mama yako anataka saba."

"Hilo moja si utamwekea tu? Shukrani ya mteja."

"Ulisema kichwa kwa jino. Nitatengeneza sita, hiyo pengo utajaza wewe."

"Utamwachia mama yangu pengo?"

"Mimi? Ni wewe unamwachia."

Nimeuza sokoni muda mrefu, na sijawahi kupigwa kwa mzani wangu mwenyewe vizuri namna hiyo. Nilimheshimu. Akasema mtu anayemtengenezea meno angechukua vipimo mwisho wa mwezi, yawe sita au saba.

Sikuwa na wasiwasi. Kwenye simu nilikuwa ndani ya grupu ya watu wanaokusanya vichwa. Usicheke, wako, tena wengine wana magari. Kila Ijumaa jioni admin wa grupu, mwanamume ambaye nilikuwa simjui ila kwa sauti ya voice note, alikuwa anatutegea. Anakiweka kichwa mbele ya taa, anapiga picha ya kivuli chake ukutani, kisha anaandika: Kitendawili! Sote tunaandika: Tega! Anayemtambua mnyama kwanza ndiye anayemchukua. Tukishindwa sote, admin anadai vile tulivyokuwa tukidaiana shuleni: Nipe mji. Mmoja wetu anampa mji, naye anauingia kwa majivuno. "Nimefika Kisumu, nimekula samaki yote, nimewaachia miiba." Ndipo anatoa jibu, na kichwa kinabaki kwake.

Kuna sheria moja ya mchezo huu ambayo haikuandikwa popote: mji wako huutoi. Sisi tuliolelewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru tulitoa Mombasa, tulitoa Kampala, mmoja wetu aliwahi kutoa London, lakini Nakuru haikutoka kinywani mwa mtu. Ukiitoa unalala wapi?

Ijumaa hiyo kivuli kilikuwa na masikio mawili marefu. Grupu ikafurika. Sungura. Sungura. Sungura wa Pasaka. Mwingine akaandika, "Ni antena ya TV." Mimi sikuandika kitu. Nilikikuza kivuli, nikakitazama, nikakitazama tena. Masikio ya sungura husimama pamoja kama majirani wanaosengenya. Haya yalikuwa yameachana, kila moja na upande wake, na katikati palikuwa na kitu kama burashi ya viatu. Maji ya nyumbani kwetu yaliletwa kwa mkokoteni, na nimekaa nyuma ya masikio kama hayo mara nyingi kuliko nilivyokaa darasani.

Punda, nikaandika.

Admin hakusema kitu hapo mbele ya watu. Baada ya muda ujumbe ukaingia kwangu, kando, mimi na yeye tu: Nipe mji.

Damu ikanipanda. Yaani nimekosa, na ameniacha nikose kimyakimya, ati ananionea huruma? Basi sikumpa Mombasa. Nilimpa mji ambao sikuwa na mpango wa kuutumia. "Chukua Keringet," nikaandika. "Na baridi yake. Na viazi vyake vyote."

"Poa," akajibu.

Nikaizima simu. Asubuhi nilipoiwasha nikakuta hongera zimejaa kwenye grupu. Ilikuwa punda. Chini yake admin ameweka picha ya boksi dogo limefungwa kwa selotepu, na maneno: Mzigo umeondoka, Keringet.

Nikampigia.

"Boss, mimi niko Nakuru!"

"Si uliniambia Keringet?"

"Si uliniambia nipe mji?"

"Eeh. Mji ya kutuma mzigo."

"Hiyo inaitwa location! Kila mtu anasema location!"

"Sasa mathe, mimi nilikuwa natry kuongea Kiswahili mzuri. Hata nikashangaa na hizo viazi."

Nilimuuliza kama mzigo unaweza kugeuzwa. Akasema ndiyo, ukishafika na kukaa na kurudi, yaani mwezi ujao. Daktari alikuwa ameshanitumia ujumbe: vipimo ni Jumatano. Nikafunga kibanda Jumatatu, nikavaa sweta mbili, nikapanda Keringet.

Mizigo ya huko huachwa kwenye duka linalouza dawa za mifugo na mbegu. Nyuma ya kaunta kulikuwa na kijana aliyevaa kofia ya sufu hadi nyusi. Boksi langu nililiona kabla sijamsalimia, liko juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe.

"Leta ID," akasema.

Nikampa. Akasoma, akalisoma boksi, akanirudishia. Admin alikuwa ameandika jina langu la kwenye grupu, lile nililojipa kwa mzaha, na serikali haina habari nalo.

"Si wewe."

"Ni mimi. Hilo ni jina la simu."

"Mathe, kila mtu ana jina la simu. Ndani kuna nini?"

"Punda."

Duka likageuka. Kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye gambuti, ananunua dawa ya kupulizia viazi, na mzee amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kijana akaliinua boksi kwa vidole viwili, akalitikisa karibu na sikio.

"Punda gani inaingia kwa boksi ya sabuni?"

"Fungua. Ikiwa si punda, nitarudi Nakuru bila kusema neno. Ikiwa ni punda, ni yangu, na unanirudishia selotepu."

Sijui ni kwa nini niliongeza selotepu. Ni mazoea, mtu hawezi kukubali bei ya kwanza. Lakini kijana alipoanza kuipasua kwa wembe niliona kwamba sasa nilikuwa nimeyaweka meno ya mama yangu mbele ya hakimu ambaye sikumjua. Akatoa gazeti, akakunjua, akakisimamisha kichwa juu ya kaunta. Kilikuwa cha kijivu, shingo ndefu, macho yamechoka.

"Hii ni sungura," kijana akasema.

"Wewe!" nikasema. "Sungura mwenye nywele za katikati?"

"Masikio ni ya sungura."

"Umewahi kufuga sungura?"

"Nimewahi kula."

Mwanamke wa gambuti akaweka dawa yake chini, akaja akakishika kichwa, akakigeuza. Nilitaka kumwambia kitu, nikajizuia. Ukimwambia mnunuzi mambo mengi anaanza kukushuku.

"Huyu ni punda," akasema. "Ona vile amenuna. Niko na yeye nyumbani, ananinunia hivi hivi kila asubuhi nikimfunga mkokoteni."

"Na pua?" kijana akauliza.

"Pua ni ya punda. Wewe umezaliwa huku na hujui punda? Mpatie mama wa watu mzigo wake."

Mzee wa kwenye ndoo akasema kwa maoni yake ni swara, lakini hakuna aliyemwuliza. Kijana akanisukumia kichwa, na kweli, akakata kipande cha selotepu akalifunga boksi upya. Mwanamke akataka kujua kinafanya nini. Nikamwonyesha: unasukuma hivi, koo linafunguka. Akasukuma yeye mwenyewe, akacheka hadi akajishika kiuno, akasema punda wake wa nyumbani hatamsukuma kichwa hivyo, yeye bado anayapenda meno yake mwenyewe. Aliponiuliza ninaenda kumfanyia nini huyo punda, nikamwambia ukweli wote. Akanitazama kuona kama nina akili, kisha akaniongezea viazi kwenye mfuko, vya mama, vya kujaribia hayo meno.

Jumatano nilimweka punda, kichwa cha saba, kwenye meza ya daktari. Akamtazama, akawatazama wengine, akaandika kwenye karatasi yake na hakubishana. Mama alikaa kitini mdomo wazi, macho amefunga kama anayeombewa, na wiki chache baadaye akashuka tena kutoka Kabazi siku ya kuyavaa.

Daktari aliyaingiza, akayasukuma, akampa kioo. Mama alijitazama muda mrefu. Akafunga mdomo, akafungua. Akasema "saba", akasema "safi", akasema "fisi", maneno ambayo alikuwa ameyakwepa kwa miaka miwili.

"Hizi ni nyeupe sana," akasema mwishowe.

"Mama, meno ni meupe," nikamwambia.

"Ya mtu wa umri wangu? Watu wa Kabazi watasema nimeolewa."

Daktari akasema, kwa heshima, kwamba anaweza kumtafutia yenye rangi iliyofifia kidogo, ila yatachukua muda, na haya ingebidi yarudi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze kubishana naye, lakini mama alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya.

"Acha waseme," akasema.

Akajifunga leso yake vizuri, kichwani, pale inapofaa kukaa, akatoka kwenda chumba cha kungojea. Huko watu walikuwa wamekaa wameshika mashavu, kila mmoja na uchungu wake. Mama akaanza na aliyekuwa karibu na mlango, akampa mkono, akamwambia pole huku meno yote yakionekana, kisha akaenda kwa wa pili, na wa tatu, na mimi nikasimama na kibeti chake nikimngoja amalize safu.