Ushuhuda wa Paskalia

Paskalia alikuwa mama lishe wa wachimbaji wa dhahabu pale Rwamgasa. Kila alfajiri, kabla ya kubandika sufuria ya kwanza, alikoroga unga wa mtama kwenye maji, akamwaga kidogo nyuma ya banda na kuwataja wazee wake mmoja mmoja. Shanga nyeupe za bibi yake alizivaa wakati huo tu, kisha akazirudisha kwenye kibuyu. Jumapili alikwenda misa. Hakuona kama mambo hayo yanagombana, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza.

Aliyekuja kuuliza ni Mchungaji Davis. Kanisa lake la mabati alijengewa na Maige, mwenye duara, shimo kubwa la kuchimbia dhahabu, mwaka ambao Maige alikuwa akiutafuta udiwani. Wakati huo wachimbaji wa Maige walikuwa wamegoma kushuka. Walitaka matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za shimo, maana udongo ulishaanza kumeguka. Mchungaji akahubiri kwamba tatizo la shimo si magogo, ni mtu. Yupo mwanamke, alisema, anayelisha mizimu alfajiri, mchana anawalisha ninyi.

Jina hakulitaja. Kesho yake sufuria za Paskalia zilirudi nyumbani zimejaa.

Binti yake, Wema, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa lile lile la mabati. Alimkuta mama yake jikoni, akamweleza jinsi watu walivyomtazama yeye bombani, akamkumbusha vikongwe waliokatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Mayu, hicho kibuyu na shanga vichome tu," alisema. "Watuache."

"Nikivichoma watakuacha wewe?"

"Wataniacha."

"Haya basi."

Kibuyu na shanga vilichomwa mbele ya kanisa, watu wakipiga makofi. Wachimbaji wakashuka shimoni, na habari ya matimba ikafa hapo hapo. Paskalia aliendelea kuamka alfajiri kwa mazoea, lakini alipofika kwenye kuwataja wazee aligeuka, akaingia kuwasha moto.

Alidhani yamekwisha. Kumbe mchungaji alikuwa bado anamhitaji. Kila ibada alisimamishwa atoe ushuhuda, kisha akapakiwa kwenye gari la Maige hadi vijiji vya jirani, kwenye mikutano ambayo sala na kampeni hazikutofautiana. Maneno alitungiwa: alizika dawa mdomoni mwa duara, ndipo Maige akaliokoa eneo kwa kujenga kanisa. Paskalia aliyarudia tu. Miguu ilimvimba, na watoto wasiomjua walimkimbia.

Siku moja, kwenye mkutano karibu na Bulyanhulu, alipewa kipaza sauti kama kawaida.

"Mimi sikuzika kitu," alisema, kwa sauti ile ile ya kuuliza nani bado hajapata mchuzi. "Nilikuwa nawasalimia wazee wangu. Nimechoka kusimama, naomba nikae."

Akakaa. Mchungaji alianzisha pambio haraka, kwaya ikadaka, na Wema akaimba pamoja nao akiwa ameinamisha uso. Gari likamwacha Paskalia hapo. Alirudi kwa bodaboda, hana hasira wala raha, anatamani usingizi tu.

Maige aliupata udiwani. Mwaka ule ukuta wa duara lake haukuanguka, na mchungaji akalitangaza hilo kuwa muujiza. Mchimbaji mmoja, Mihayo, na wenzake hawakutaka kuungoja muujiza wa pili. Walihamia duara dogo lililowekwa matimba. Siku moja Mihayo akaja kwa Paskalia, akamwamkia, akawa anachokonoa udongo kwa ncha ya buti.

"Mama Wema, kule hatuna mtu wa kutupikia."

Paskalia hakumuuliza walikuwa wapi siku zile. Alimwambia abebe sufuria kubwa, yeye akabeba mwiko na sahani.

Wema bado yumo kwayani. Akipata nafasi huenda kule kumsaidia mama yake kuchambua maharage. Huzungumza habari za mvua na jirani aliyejifungua. Kanisa hawaligusi. Maharage yakiisha, Wema hunawa mikono, huaga, na Paskalia humwambia aende salama.