Picha ya Chuma Kilichomuua Agnesi

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usihangaike kunitafutia mtu mwingine wa kumlaumu. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenilewesha. Nilikuwa na akili zangu timamu, simu mkononi, mchana kweupe.

Jina langu silitaji. Wanaonijua watanijua tu, maana hapa Masasi habari hii imeshafika mpaka stendi. Wewe usiyenijua nisikilize kama unavyomsikiliza mtu aliyekaa karibu yako na jambo limemkaba kooni.

Mimi ni mwalimu wa historia, shule ya sekondari. Ugonjwa wangu ni ndege za kivita. Tangu utoto nilikuwa nakata picha zake magazetini na kuzibandika kwenye daftari. Nionyeshe mkia tu, nakutajia ndege. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa akinicheka: "Wenzako wana michepuko, wewe una ndege."

Laiti ingekuwa michepuko!

Nilijiunga na kundi la mtandaoni la wapenzi wa historia ya vita vya angani. Humo wamo Watanzania, Wakenya, Waganda, watu wa Msumbiji. Kazi yetu ni kubishana. Katika vita vya Kagera nani aliangusha ndege ipi, mzinga ulikuwa wapi, rubani alitoka wapi. Watu wazima, wenye watoto, tunatukanana kwa ajili ya bawa la ndege! Na mimi humo nilikuwa na jina. Waliniita Profesa. Neno hilo lilinipumbaza, nakwambia.

Siku moja ubishi ukaja nyumbani. Jamaa mmoja aliandika kwamba wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, habari za ndege za Wareno kuvuka Ruvuma na kupiga vijiji vyetu zimetiwa chumvi. Akasema wengi waliokufa upande wetu waliuawa na vyuma vya mizinga yetu wenyewe, vilivyopigwa juu vikarudi chini.

Damu ilinichemka! Kwa sababu mimi nilikuwa na ushahidi, tena ukweni kwangu.

Ukweni kwangu ni Chilangala, Newala, juu kule. Baba mkwe wangu nitamwita Mzee Barnaba. Alikuwa na dada yake, Agnesi. Enzi hizo maji hayakuwapo juu, wanawake walishuka bonde zima kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Asubuhi moja Agnesi alishuka na ndoo yake. Ndege zikatokea upande wa mto. Mzinga wetu wa kutungulia ndege, uliokuwa umewekwa pale ukingoni mwa bonde, ukaanza kufyatua. Kelele, moshi, vumbi. Ilipotulia wakamkuta Agnesi njiani, amekwisha. Mwanawe Benedikti alikuwa bado anatambaa.

Na kwenye mzinga ule alikuwapo kijana wa kijiji hichohicho, mgambo. Nitamwita Mzee Saidi. Yeye ndiye aliyekuwa anafyatua siku ile. Hakuipata ndege hata moja. Maisha yake yote amekuwa akisema maneno yaleyale: "Ningeipata ile ya kwanza, Agnesi angerudi na maji yake."

Saidi na Barnaba wakawa kama waliotoka tumbo moja. Mmoja msikitini, mwingine kanisani, lakini kahawa ya asubuhi wanakunywa pamoja. Kila mwaka wanafyeka pamoja kaburi la Agnesi. Saidi anasimama kando mpaka sala iishe, kisha anashika jembe.

Mzee Barnaba alikuwa na kipande cha chuma alichokiokota pale alipoangukia dada yake. Amekihifadhi kwenye kopo la maziwa, kimefungwa kitambaa. Nilimwomba miaka mingi anionyeshe. Siku aliyokubali alilifungua kopo, akakifunua kile kitambaa kidogo tu.

"Naomba nikishike, baba," nikasema.

"Hapana. Tazama."

"Basi nipige picha?"

Akafikiri. "Piga. Lakini ikae kwako. Usiipeleke mahali."

"Haiendi mahali, baba. Nakuahidi."

Nilimwahidi! Kwa mdomo wangu huu!

Sasa ule ubishi ulipowaka nikaifungua ile picha. Nilitaka kumnyamazisha yule jamaa. Nikaikuza. Nikaona ubavuni mwa kile chuma mstari mwekundumwekundu unaozunguka. Kombora la mzinga huwa na mkanda wa shaba kiunoni. Bomu la kudondoshwa na ndege halina.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungenyamaza. Au ungekwenda kwa mkweo ukamuuliza taratibu. Mimi nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba nimegundua jambo ambalo hakuna mtu mwingine analijua.

Nikaandika habari ndefu. Nikaweka picha. Nikataja Chilangala. Nikaandika: "Agnesi hakuuawa na Mreno. Aliuawa na mzinga wetu." Na chini yake nikaongeza sentensi ambayo leo ningetoa mkono wangu kuifuta: "Mgambo aliyefyatua mzinga huo yu hai, anaishi kijiji hichohicho."

Sifa zilivyomiminika! Profesa, Profesa! Hata yule mbishi wangu alinivulia kofia. Watu wakaituma kwenye makundi mengine, na mimi nikazidi kuchekelea.

Siku ya tatu Mama Neema akanipigia. Alikuwa huko kwao akiwasaidia kuokota korosho. Hakunisalimu.

"Baba Neema, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Kaka Benedikti kasomewa ulichoandika. Kachukua panga, kaenda kwa Mzee Saidi. Njoo. Njoo sasa hivi!"

Niliacha darasa. Nilipanda gari hadi Newala, kisha bodaboda, namwambia dereva ongeza mwendo, naye ananiambia barabara ni mchanga mtupu, tutakufa. Njia nzima nilikuwa naomba tu gari la polisi lililokuwa mbele yetu lisiwe linaenda Chilangala. Halikuwa linaenda huko. Na lilipokata kona nikaogopa zaidi, maana nikajua huko hakuna mtu wa kumzuia mtu.

Uani kwa Mzee Saidi nilimkuta Benedikti na wanawe wawili, watu wazima wenye ndevu. Panga mkononi. Majirani wamesimama mbali. Na mlangoni, kwenye kigoda, ameketi baba mkwe wangu, Mzee Barnaba, ameuziba mlango kwa mwili wake. Nyuma yake, ndani gizani, alikuwamo Saidi.

"Mjomba, ondoka hapo," Benedikti alikuwa anasema.

"Siondoki."

"Kamuua mama yangu! Halafu kila mwaka anakuja kumfyekea kaburi! Anatucheka!"

"Ukimtaka Saidi, anza na mimi. Nipo karibu zaidi."

Mtu wa huku akiambiwa hivyo na mjomba wake hana pa kwenda. Ndipo Benedikti akageuka, akaniona.

"Huyo! Mwalimu huyo hapo! Njoo hapa. Sema mbele ya mjomba. Ulichoandika ni kweli, si kweli?"

Hapa ndipo pananiumiza kuliko pote. Kuandika niliandika kwa ujinga, nikiwa mbali. Lakini pale uani nilikuwa nawaona wote kwa macho yangu. Sentensi moja tu ilitakiwa. Sina uhakika. Basi! Maneno mawili, na yalikuwa kweli tupu, maana uhakika sikuwa nao.

Nikasema, "Kwa jinsi picha inavyoonyesha... inaelekea ni kweli."

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Niliona aibu. Watu wale wote wananitazama, na mimi ndiye mwalimu, ndiye mjuzi. Niliona aibu kusema sijui!

Kisha Mzee Saidi akatoka gizani, akasimama nyuma ya kile kigoda, akaweka mkono begani kwa Barnaba.

"Benedikti, mwanangu," akasema. "Kama ni mimi, basi ni mimi. Sikimbii. Barnaba, mpishe mtoto apite."

"Simpishi," Barnaba akajibu bila kugeuka.

Benedikti aliwatazama wale wazee wawili. Panga likamdondoka. Akakaa chini palepale mchangani, mtu wa miaka hamsini na ushee, akalia kama alivyopaswa kulia alipokuwa mtoto asiyejua kusema. Wanawe wakamwinua, wakaondoka naye.

Nilidhani yameisha. Nikamsogelea baba mkwe. "Shikamoo, baba."

Hakuitika. Mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, sikusikia marahaba.

"Wewe ulikishika kile chuma?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Ulinikataza."

"Hukukishika. Na ukajua."

Nikaichomeka simu yangu mfukoni.

"Unafikiri mimi sijawahi kuwaza hilo?" akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Miaka yote hii? Mzinga ulikuwa unapiga, vyuma vinaanguka. Niliwaza. Lakini nilimwona Saidi anavyomlilia dada yangu, nikafunga lile kopo. Nilitaka libaki limefungwa."

Akaondoka kwenda kwake, akarudi na kopo, akalisukumia kifuani kwangu. "Si ulitaka kukishika? Kishike. Kipeleke kwa mtu anayejua kazi hiyo. Mtu, si simu."

Nikakipeleka. Kijijini Nanganga yupo askari mstaafu, siku hizi mkulima, aliyetumikia mizinga ya kutungulia ndege miaka mingi. Nilimkuta anapalilia, nikamweleza habari ya mzinga ule. Akajifuta mikono, akakifungua kitambaa, akakipima kile chuma kiganjani, akanitazama.

"Nani alikwambia hiki ni cha mzinga?"

"Ule mkanda wa shaba..."

Akakwangua ule mstari mwekundu kwa ukucha. Ukatoka unga. "Hii kutu. Shaba iko wapi hapa? Na uzito huu huuoni? Mzinga unaouelezea ulikuwa mdogo. Kombora lake zima ni jepesi kuliko kipande hiki kimoja. Mwalimu, hiki hakikutoka kwenye mzinga ule. Kwamba ni bomu la ndege siwezi kukuapia, lakini ukiniuliza mimi, hiki kilitoka juu."

Picha haina uzito, ndugu yangu! Kwenye simu kile chuma kilikuwa chembamba kama ukucha. Sikuweka hata kiberiti pembeni nijue ukubwa wake. Profesa mzima!

Niliketi kwenye tuta la yule mzee nikalia. Kisha nikafurahi, unaamini? Nikaona sasa nimepona. Nitarudi, nitasema nilikosea, kila kitu kitakaa mahali pake.

Nikarudi Chilangala siku ileile. Benedikti nilimweleza kila kitu. Alisikiliza, akaenda kwa Mzee Saidi, akapiga magoti, akaomba radhi. Mimi nikaingia baada yake.

"Mzee wangu, si wewe," nikamwambia. "Nimethibitishiwa. Chuma si cha mzinga wako. Nilikosea, nisamehe."

Mzee Saidi aliitikia kwa kichwa. Akanikaribisha kiti. Alikuwa mpole mno, na upole ule ulinichoma kuliko matusi.

"Nimekusamehe, mwalimu," akasema. "Lakini nikwambie kitu. Siku zote nikifumba macho nilikuwa naiona ndege. Inakuja, nafyatua, naikosa. Sasa nikifumba macho naona mdomo wa mzinga umeinama bondeni, na yeye yuko chini anapanda na maji. Wewe umesema haikuwa hivyo. Barnaba kasema haikuwa hivyo. Na mimi nakubali kwamba haikuwa hivyo. Lakini ndivyo ninavyoona. Utanifanyaje?"

Sikuwa na la kumfanya. Mpaka leo sina.

Kahawa ya asubuhi imekwisha. Hawakugombana, hapana. Barnaba huenda kumwita, na Saidi hujibu kutoka ndani kwamba hajisikii vizuri. Mama Neema amekuwa akininyamazia. Ananipikia, ananifulia, ananijibu kama mgeni aliyekuja kulala siku mbili. Baba mkwe alinikabidhi maneno machache tu: "Usije hapa mpaka nikuite." Msimu wa korosho umepita, wa pili umekaribia. Hajaniita.

Kundini niliandika masahihisho. Niliomba radhi, nikaeleza kutu, nikaeleza uzito. Waliosoma ni wachache. Mmoja akaniuliza kama nimetishwa na serikali. Nilijitoa, na yale madaftari yangu ya utotoni nimeyachoma.

Wewe unayebishana mtandaoni kuhusu vita vya zamani, nakuomba kwa heshima zote: kabla hujaandika, uliza kama waliokuwapo bado wanaishi. Uliza majina ya watoto wao. Ukipewa kitu kwa ahadi, kaa na ahadi yako hata kama ulimwengu mzima unakuita mwongo. Na siku ukiulizwa jambo usilolijua mbele za watu, tafadhali sana, sema sijui. Aibu yake inapita jioni ileile. Hii yangu haipiti.

Na ile picha ikikufikia kwenye simu yako, ifute. Bado inazunguka. Juzi nimetumiwa na mwalimu mwenzangu wa shule nyingine, asiyejua kwamba aliyeandika ni mimi. Chini yake kauliza: "Wewe unayezijua ndege, hivi hii ni kweli?"