Shali Juu ya Uso wa Mtoto

Jicho langu la kushoto ni la bandia. Wateja wangu wa viatu pale soko la Daraja Mbili wanalijua, na wapo wanaosimama upande huo makusudi wakidhani watanipunja. Huwa nawaacha wajaribu, halafu wanakutana na ulimi wangu.

Lile la kuzaliwa lilitolewa nikiwa sijajua kutembea vizuri. Kabla yangu kulikuwa na dada. Alikufa sijazaliwa, lakini nimeishi naye nyumba moja maisha yangu yote. Picha yake iko sandukuni mwa mama, nyumbani Magwagwa, imefungwa kwa kitambaa. Mtoto anacheka, na mboni yake moja inang'aa nyeupe kama maziwa. Niliichungulia mara moja utotoni, na tangu hapo kila nikipita mbele ya lile sanduku napita mbio. Hata sasa, mtu mzima mwenye ndevu.

Dada alicheleweshwa kupelekwa hospitali. Kwetu kuna watu wanaoshukiwa kuwa na jicho baya: wakimtazama mtoto, mtoto anadhurika. Basi mtoto hufunikwa uso, hupakwa siagi, na hafunuliwi mbele yao. Jirani yetu, ambaye shamba lake la chai limepakana na letu, alimbeba dada siku moja akamsifu macho. Muda si mrefu weupe ukaonekana. Mama akamficha mtoto ndani, akampaka siagi, akangoja. Alipomtoa, ugonjwa ulikuwa umeshatoka jichoni na kuingia kichwani. Kwangu mimi hakungoja. Alinibeba mbio hadi hospitali. Lakini jirani hakusamehewa, na kijiji kizima kikajua kwa nini.

Mwaka huu mke wangu alijifungua msichana. Nilimpenda papo hapo, na papo hapo nikamwogopa. Mama alimtazama usoni, akaenda jikoni. Nilijua amemwona nani. Nikitaka kumpiga mtoto picha, niliirudisha simu mfukoni.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho mjini Kisii. Alinieleza polepole, maana nilimwambia mimi ni muuza viatu. Ndani ya kila seli kuna jeni, maagizo ya mwili, na si kila agizo linatakiwa kufuatwa kila saa. Kwa hiyo kuna protini ambazo kazi yao ni kuzuia. Moja huzishikilia jeni zinazoifanya seli igawanyike, na kuzinyamazisha. Wakati ukifika inaachia, kazi ikiisha inarudi kushika. Maagizo ya kuitengeneza protini hiyo tunayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mimi nilizaliwa na moja mbovu. Seli ya jicho ikipoteza na ile nzima, hakuna tena wa kuzuia, nayo inagawanyika bila kukoma. Weupe ule ndio uvimbe wenyewe, saratani ya jicho.

"Na mtoto wangu?" nikauliza.

"Alichukua nakala moja kwako. Ama nzima, ama mbovu. Damu itatuambia."

Damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yalipokuja, tulienda sote, na mama alikuja na mjukuu ndani ya shali mpya, amefunikwa gubigubi. Mtoto alichukua nakala ile mbovu. Macho yake bado ni safi, daktari akasema. Tutamleta mara kwa mara, na kivimbe kikionekana mapema kitaharibiwa, jicho libaki. Nililia pale kitini, hadi kwenye jicho la bandia.

Kisha daktari akaomba kumpima mama, kwa kuwa watoto wake wawili waliugua. Mama akaweka kidevu kwenye mashine. Ndani ya jicho lake la kulia kulikuwa na kovu la kale: kivimbe kilichoanza utotoni kikajifia chenyewe, bila yeye kujua. Ubovu ule ulitoka kwake.

Jioni tulirudi wote Magwagwa.

Asubuhi alimchukua mtoto akakata katikati ya michai, njia ambayo hakuna wa kwetu aliyeipita tangu nizaliwe. Nilimfuata. Jirani, bibi mzee sasa, alikuwa anaanika nafaka ya wimbi uani. Alipoona mtoto anakuja, akageuza uso haraka akautazama ukuta.

"Bwakire, mong'ina," mama akamwamkia bibi yule kwa Kigusii. Akaifunua shali. "Haikuwa wewe. Ilikuwa damu yangu mimi. Nimekukosea miaka yote hii. Mtazame mtoto wetu."

Jirani hakugeuka. Nilidhani ni hasira, na ningekuwa yeye ningetufukuza kwa mwiko.

"Siwezi," akasema. "Nilishazoea. Hata wajukuu wangu, nikiwaogesha, naangalia maji."