Kikapu cha Msaliti

Teryo Manalastas aliua watu kila asubuhi kabla kahawa yake haijapoa. Alikuwa mwandishi wa riwaya za vita, na kazi yake hakuifanyia mzaha: kifo ambacho hakukiigiza hakukiandika. Siku ya kuandika mtu kunyongwa alijikaza kamba ya kuanikia nguo shingoni mpaka macho yakamtoka pima. Mkewe, Belen, aliikata kamba kwa kisu cha samaki huku akimporomoshea matusi. Majirani wa mji wao wa San Bernabe walipoyasikia mayowe walisema tu, "Teryo yuko kazini," wakaendelea kupepeta mchele.

Lakini riwaya hii mpya ilimkaba kweli. Ilihusu mji wao wenyewe, siku ile ya vita wanajeshi Wajapani walipowapanga wanaume uwanjani mbele ya kanisa. Msaliti aliletwa amefunikwa kikapu cha ukindu toka kichwani hadi kifuani, kimetobolewa matundu mawili ya macho. Akapita mbele ya safu kimyakimya. Kila mtu ambaye msaliti alimnyooshea kidole alipigishwa magoti na kuchomwa singe tumboni, na aliyefuata akapiga magoti kwenye damu ya mwenzake. Amado, baba yake Teryo, alimsimulia mwanawe kwamba yeye aliponea chupuchupu, kwa kulala chini ya maiti. Basi Teryo akamfanya baba yake shujaa wa kitabu, marehemu wa watu, na akampamba hasa.

Ndani ya kikapu alikuwa nani? Bila mtu huyo kitabu hakikuwa na mwisho. Teryo alizunguka mji mzima akiuliza. Fundi viatu akamwambia, "Kula kwanza, mwanangu, dagaa wa moto hawa." Mpiga kengele wa kanisa akajifanya kiziwi. Teryo akarudi nyumbani akifoka.

"Waoga! Miaka thelathini bado wanamwogopa mtu wa kikapu!"

"Waache wazee wa watu," Belen akamwambia. "Wana yao."

Asubuhi iliyofuata Teryo alifanya jambo ambalo San Bernabe halifanyiki, hata mvua imnyeshee mtu vipi. Alichukua kikapu cha sokoni cha mkewe, akakitoboa matundu mawili, akakivaa kichwani. Akatoka uani na kuanza kupita mbele ya migomba, akiburuza mguu wa kushoto kama alivyouburuza maisha yake yote, kama alivyouburuza baba yake. Mgomba wa kwanza akaunyooshea kidole. Wa pili pia.

Upande wa pili wa ua wa mianzi, jirani yake Bibi Rufina alikuwa akipasua nazi. Aliinua macho, akaona. Aliupasua ua kwa kifua chake, panga mkononi.

"Amado! Shetani wewe! Nyoosha tena hicho kidole, nyoosha nikikate!"

Pigo la kwanza liliangusha mgomba. La pili lilimpasua Teryo mkono wa kushoto hadi mfupa ukaonekana mweupe. La tatu lilinasa kwenye kikapu. Belen alimrukia mama yule kwa nyuma, wakaanguka wote watatu matopeni, kikapu kikamvuka Teryo.

Bibi Rufina akaliachia panga.

"Teryo? Mungu wangu. Ni wewe?"

"Umeniita Amado," Teryo alisema, akiubana mkono uliopasuka.

"Uso hatukuuona siku ile. Mwendo tuliuona. Alipofika kwa mume wangu alisimama, akauvuta mguu, akanyoosha kidole."

"Baba alilala chini ya maiti!"

"Alilala kitandani kwake. Siku hiyohiyo akaniletea gunia la mchele, mume wangu hata hajazikwa. Nikalipokea. Nilikuwa na watoto."

"Nani mwingine anajua?"

"Mji mzima, mwanangu. Ungetaka nani akwambie?"

Belen aliufunga mkono kwa kanga ya jikoni, akakimbia kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Alipotoka, Teryo aliingia ndani akajikokota mpaka mezani. Damu ilipenya kitambaa ikadondokea karatasi. Aliandika kwamba msaliti aliburuza mguu wa kushoto. Akaandika jina la msaliti huyo, la kwanza na la ukoo, ukoo wake mwenyewe. Kisha akalia, akapiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga kwa ajili ya kitabu chochote.

Ng'ambo ya barabara majirani wakausikia.

"Teryo yuko kazini," wakasema.