Kiti cha Mama na Televisheni ya Kabati

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu Nadia, kwa sababu ndiyo siku niliyojiona mjanja kuliko mtaa wetu mzima wa Buyenzi. Lakini kabla sijakusimulia, weka hiyo simu chini. Wiki tatu sasa! Asubuhi inchi, jioni inchi, chakula kinapoa mezani na wewe unanionyesha picha za televisheni: "Papa, hii iko na inchi sitini na tano, ile ingine hamsini na tano lakini rangi yake ni kali." Kali kama pilipili? Umezunguka maduka ya Rohero mpaka wauzaji wanakuita kwa jina. Nimenyamaza, nimenyamaza, jana nikashindwa. Natoka zangu msikitini, nakukuta umepiga magoti nyuma ya kiti changu na futi ya fundi, unapima ukuta. Ukaniambia bila haya, "Papa, hiki kiti cha zamani tukitoe nje, hapa ndipo itakaa vizuri." Basi leo utanisikiliza, kukasirika utakasirika baadaye.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nafanya kazi bandarini, sijaoa, naishi na mama yangu Zuhura, bibi yako ambaye hukumkuta. Siku hizo televisheni za watu zilikuwa ndogo, zenye kichogo, zinafunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kisha zikaanza kuingia kubwa kutoka Dubai, kabati zima, zinasimama chini zenyewe, kioo mbele. Nikashikwa na homa hiyo hiyo uliyo nayo wewe. Kila Jumamosi niko madukani, nalinganisha. Hii rangi yake vipi, ile sauti yake vipi, mpaka mbao za kabati nilizigonga kwa kidole kusikia kama ni nzito. Usinicheke.

Aliyeniuzia ni Mzee Seif, Mwarabu wa asili ya Oman ambaye babu yake amezikwa hapa hapa mjini. Alinisimamisha mbele ya ile kubwa kuliko zote, akaniacha niitazame, kisha akaniuliza, "Kijana, nyumbani kwenu mnakaa vipi?"

Nikamwambia anitajie inchi zake.

"Inchi nitakutajia. Nimekuuliza mnakaa vipi."

"Tunakaa kwenye viti vya fotei, mzee, si mkekani!" Watu dukani wakacheka, nami nikaona nimesema la maana. Yule mzee akanitazama kidogo, akasema "haya," akaandika risiti. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile nasikia joto masikioni.

Sasa saloni yetu, mwanangu, ilipangwa kama saloni zote za hapa. Fotei zimezunguka kuta tatu, meza katikati, watu wanatazamana usoni. Mama hakukaa kwenye fotei. Nyonga yake ilikuwa mbovu, akizama mle hatoki mpaka ashikwe mikono. Alikuwa na kiti chake cha mbao, kirefu, chenye mikono, kimewekwa kando ya mlango. Anayeingia anamwona yeye kwanza, na yeye anamwona kabla hajavua viatu. Alikuwa mjane, miguu haimpeleki tena popote, sokoni haendi, harusini haendi. Kutembea kwake kulikuwa ni watu kuja.

Televisheni ikaletwa na wanaume wanne, ikasimamishwa ukutani. Nikakaa mbele yake katikati. Maajabu! Nikamwambia, "Mama, unaona?"

"Mi naona giza tu," akasema.

Nikaenda kukaa kwenye kiti chake. Wallahi, ni giza. Zile televisheni zilikuwa za kutazamwa kwa mbele tu. Ukiwa kando, sura za watu zinakuwa moshi. Nilikuwa nimelinganisha kila kitu kwa miezi, lakini kusogea hatua tatu kando pale dukani, sikusogea. Na nyumba yetu nusu ya watu wanakaa kando!

Mtu mwenye akili angeirudisha siku ile ile. Mimi nikaona televisheni haina kosa, wenye kosa ni watu. Nikavuta fotei zote, nikazipanga safu safu kama ukumbi wa sinema, zote zinaelekea kioo na migongo yote mlangoni. Kiti cha mama kikiwekwa mbele kinaziba, kikiwekwa nyuma anaona visogo. Nilikisogeza huku na huku, natoka jasho, mpaka mwenyewe akasema, "Apana, mwanangu, usihangaike, mi nitakaa huku." Akakiburuta mpaka ukumbi wa nyuma, karibu na jikoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nikashusha pumzi. Nilifurahi kwamba nafasi imepatikana.

Mama alikuwa na rafiki yake tangu usichana, Mama Espe wa Kanyosha. Kila Jumapili akitoka misa alipitia kwetu na fungu la mboga za lengalenga kutoka shambani kwake, wanakaa, wanasema watu, wanacheka mpaka mama anajifuta machozi. Jumapili hiyo kulikuwa na mpira. Saloni imejaa vijana, kelele mpaka barabarani. Mama Espe akaingia, akatusalimu kwa Kirundi, "Mwiriwe." Nilimsikia. Niliinua mkono bila kugeuka, nikisema moyoni kwamba ataelewa, ni mpira. Wengine hawakuinua hata mkono.

Mpira ulipokwisha nikatoka, nikakanyaga kitu laini mlangoni. Lilikuwa fungu la lengalenga, limefungwa kwa ukamba wa mgomba kama alivyolifunga siku zote. Mama naye alikuwa amekuja akijishika ukutani, akaliona chini ya kiatu changu.

"Espe alikuja?"

Nikainama kuliokota.

"Alikuja, na hakuna mutu aliinuka? Mi niko pale nyuma namungojea, kumbe amefika, amerudi?" Akaanza kulia. "We Rashidi, miguu yangu imekufa. Niko na watu tu. Sasa na wao umenifungia mulango."

Mwanangu, nimepigwa maishani, nimetukanwa na mabosi bandarini, lakini sijawahi kuumia kama siku ile.

Kesho yake, kwa upumbavu uliobaki, nikaenda kumgombeza Mzee Seif kwamba ameniuzia kitu kibovu. Loo! Alisimama nyuma ya meza yake akaninyooshea kidole mbele ya wateja. "Nilikuuliza mara mbili mnakaa vipi, ukawachekesha watu. Kwenu mnakaa kwa kutazamana. Umenunua chombo cha watu wa kukaa safu, kisha ukamwondoa mama yako ili chombo kipate raha. Nenda kamwombe radhi huyo bibi kwanza. Habari ya televisheni tutaiongea ukirudi."

Nikaenda Kanyosha. Mama Espe alinipokea vizuri, akanipa maji, na hilo ndilo lililonichoma. Aliniambia tu, "Nilifikiri ile nyumba imepata watu wengine." Zilipita Jumapili tatu ndipo akarudi. Alikuta fotei ukutani, televisheni imeuzwa kwa mwenye baa ambaye wateja wake wanakaa safu, na mama yuko mlangoni kwenye kiti chake. Mama alikaa hapo mpaka Mungu alipomchukua.

Kiti chenyewe ndicho hiki, Nadia. Hiki ulichotaka kukitoa nje. Na nyonga yangu mimi nayo imeanza.

Sikukatazi kununua. Nunua, jasho ni lako. Lakini kwanza kata katoni yenye ukubwa wa hicho kioo, uisimamishe ukutani, siku mbili uishi nayo, maana dukani kila kitu kinaonekana kidogo. Ukiwa dukani usisimame mbele kama nilivyosimama mimi. Nenda kando, chuchumaa, simama, uone kama sura zinabaki sura. Tazama saa kumi jua la upande wa ziwa linapigia ukuta gani. Tafuta na kile kifaa cha kulinda umeme, maana umeme wetu unakuja na kuondoka unavyotaka. Na kabla ya yote hayo, kaa kwenye kila kiti cha nyumba hii, uanze na hiki changu, utazame mlango. Televisheni itakayotaka mtu aondoke mahali pake, iache huko huko dukani, hata wakikupunguzia.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe nyumba yako mwenyewe, yenye kioo kikubwa ukipenda. Na kila atakayeingia akisema "Mwiriwe," akute nyuso zimegeuka. Amina.